Maswali ya wasomaji: Muhula unakwisha Uppsala, Lubumbashi wanasubiri

Muhula wa masika katika vyuo vikuu vya Uswidi hufungwa mwanzoni mwa Juni, na katika kipindi hiki meza yetu hupokea barua nyingi za vijana wa Lubumbashi wanaosoma Skandinavia, pamoja na za wazazi wanaowangoja. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali yake ndiyo yanayojirudia katika nyingine zote.

Mheshimiwa Mama Mhariri,

Mimi ni binti wa Katuba, Lubumbashi, mwanafunzi wa jiolojia, na chuo changu cha nyumbani kilinituma Uppsala, Uswidi, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Zimebaki wiki chache tu. Jana somo langu kubwa lilimalizika kwa namna iliyoniacha nimeduwaa: mwalimu alizima projekta, akatushukuru, akatutakia majira mema ya joto, akabeba kikombe chake cha kahawa akatoka. Hakuna mwakilishi wa darasa aliyesimama kusema neno, hakuna aliyepiga picha, na baada ya dakika chache ukumbi ulikuwa mtupu.

Mambo matatu yananikosesha amani. Kwanza, ninao mtihani wa maandishi wa saa tano, nami sijawahi kuketi muda huo wote kwa somo moja. Pili, katika semina ya mwisho nimepangiwa kuikosoa kazi ya mwenzangu mbele ya walimu, na mwenzangu huyo ndiye aliyenipokea na kunionesha mji nilipokuwa mgeni. Tatu, sijui kama juri ya kitivo chetu, lile baraza linaloamua matokeo, itazitambua alama zangu, maana hapa hawatoi alama juu ya 20. Zaidi ya hayo, nimebakiwa na Jumamosi moja isiyo na kazi, na rafiki zangu wananiita Stockholm tukanunue zawadi. Naomba uniambie kipi kitangulie.

Mwanafunzi wa jiolojia, Uppsala

Jibu

Binti yangu, karatasi zitangulie, kisha semina, kisha mtihani, na Jumamosi yako usiipeleke madukani. Nitaeleza kila kimoja, lakini niseme kwanza neno kuhusu ule ukumbi mtupu. Mwalimu wako hakukudharau. Kule shukrani na malalamiko ya darasa havisemwi kwa hotuba. Huandikwa katika fomu ya tathmini ya kozi, na kanuni za elimu ya juu za Uswidi zinakilazimu chuo kuwapa wanafunzi nafasi hiyo na kuwajulisha matokeo yake. Fomu hiyo utaipata kwenye barua pepe yako, na wengi huifuta bila kuifungua. Wewe ifungue. Andika kwa utulivu ni somo gani lilikufaa, ni maabara ipi ilikuwa ya haraka mno kwa mtu aliyetoka katika mfumo mwingine, na ni wapi mwalimu alikusaidia. Mwanafunzi wa Lubumbashi atakayekufuata mwakani atafundishwa na watu walioyasoma maneno yako.

Sasa karatasi. Mkataba wa masomo uliosainiwa kabla hujaondoka unataja kozi fulani, na mara nyingi mwanafunzi akifika hukuta kozi moja imejaa au inagongana na nyingine, akabadilisha. Ikiwa ulibadilisha, hakikisha mabadiliko hayo yameandikwa na kusainiwa na pande zote tatu: wewe, chuo cha Uppsala na chuo chako cha nyumbani. Juri inaweza kukuelewa kwa mambo mengi, lakini kozi ambayo jina lake halimo katika mkataba ni vigumu kuitetea. Omba pia hati inayoonesha tarehe ulizofika na ulizomaliza, yenye saini na muhuri. Waswidi hawana mazoea ya mihuri kama sisi, hivyo ofisa anaweza kushangaa ukimwomba. Mweleze kwa upole kwamba aparitora ya chuo chetu, yaani ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, itaiuliza, naye atakugongea.

Kwa upande wa krediti huna sababu ya hofu. Mfumo wetu wa LMD (lisansi, masta, doktora) unahesabu krediti 60 kwa mwaka wa masomo, na Uswidi vilevile ni 60, yaani 30 kwa muhula, ambapo wiki moja ya kazi kamili ni krediti moja na nusu. Kozi ya krediti 7.5 ni jasho la wiki tano, Uppsala sawa na Lubumbashi. Ugumu uko katika alama. Kozi za uhandisi mara nyingi hutumia U, 3, 4 na 5, U ikiwa ni kushindwa. Nyingine hutumia U, G na VG tu, G ikiwa ni kufaulu na VG kufaulu vizuri. Na vyuo vingine vya Uswidi hutumia herufi A hadi F. Tena vyuo vya Uswidi havipangi wanafunzi kwa nafasi wala havitoi wastani wa jumla, hivyo juri yetu iliyozoea kuona madaraja ya satisfaksheni au distinksheni haitaona neno la namna hiyo popote.

Nakusihi usifanye hesabu ya kugeuza wewe mwenyewe. Nimewaona vijana wakiandika kwamba 5 ni 20 juu ya 20 na 3 ni 12, wakajitengenezea ugomvi usiohitajika, kwa sababu mwenye mamlaka ya kugeuza ni juri peke yake. Kazi yako ni kuipa juri vitu vya kutosha. Kwa kila kozi pakua muhtasari rasmi kwa Kiingereza, ambao hutaja krediti, yaliyofundishwa, namna ya kutahini na kipimo cha alama kilichotumika. Ongeza barua fupi ya mratibu wa kubadilishana wanafunzi inayoeleza kipimo hicho kwa lugha nyepesi. Kisha mwandikie doyeni, mkuu wa kitivo chako, sasa, ukiwa bado Uppsala, ukiuliza ni utaratibu gani utatumika, ili jibu likikupungukia karatasi fulani uweze kuitafuta kwa miguu yako na si kwa barua pepe kutoka Katuba. Matokeo yenyewe utayachapisha kutoka katika Ladok, mfumo wa kompyuta unaohifadhi matokeo ya wanafunzi wa kule, katika hati yenye msimbo ambao aparitora inaweza kuuhakiki kwenye intaneti. Uliza akaunti yako ya chuo itafungwa siku gani, na upakue kila kitu kabla ya siku hiyo.

Semina imekuogopesha kuliko mtihani, nami nimelielewa hilo. Kwetu mtu akitetea tasnifu, familia hujaza ukumbi, mashada ya maua yanangoja mlangoni, na anayeuliza swali gumu mno huonekana kana kwamba amekuja kuharibu sherehe. Kule utakuta watu wachache kuzunguka meza, na kazi yako ya kukosoa ni sehemu ya mafunzo yako mwenyewe. Mwalimu anakupima wewe pia. Ukinyamaza kwa heshima, utakuwa umemnyima mwenzako kitu ambacho chuo kimempangia akipate kutoka kwako.

Anza kwa kuieleza kazi yake kwa ufupi, kwa haki, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Kisha uliza makubwa: swali la utafiti limejibiwa? Sampuli zilichukuliwa wapi, na je, zinatosha kubeba hitimisho lile? Ramani na jedwali vinasema jambo moja? Makosa ya tahajia yaandike pembeni ya nakala umpe baadaye, usiyasome mbele ya watu. Na palipo pazuri paseme, ukitaja ukurasa. Mkitoka mtakunywa kahawa pamoja, na urafiki wenu utakuwa palepale. Kwa Waswidi kuikosoa kazi si kumkosoa mwenye kazi. Nawe kumbuka kwamba zamu yako ya kukosolewa ikifika, usijibu kila swali kwa kujitetea. Swali zuri liandike tu, ushukuru.

Kuhusu mtihani, jambo la haraka kuliko yote ni kujiandikisha. Uswidi kuhudhuria kozi hakukupi kiti cha mtihani; unajiandikisha kwa mtihani wenyewe siku kadhaa kabla, na asiyejiandikisha anaweza kurudishwa mlangoni. Angalia leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Siku hiyo nenda na kitambulisho na ufike mapema, maana ile robo saa ya chuo mliyoizoea, ambapo somo lililoandikwa saa nne huanza saa nne na robo, haihesabiwi kwenye mtihani. Beba maji, tunda na mkate, kwa sababu kula ukumbini kunaruhusiwa na saa tano ni nyingi. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, ambayo wanafunzi wa kule huitumia wazi kujipima, ufanye angalau mmoja kwa muda kamili ukiwa umeketi kitini, ili mgongo na mkono navyo vizoee.

Karatasi yako haitakuwa na jina bali namba. Anayesahihisha hajui kama wewe ni Mkongo au Mswidi, wala hajui ulikuwa kimya darasani au ulikuwa msemaji. Baada ya kusahihishwa, karatasi hiyo huwa ni waraka wa umma, chini ya kanuni ya uwazi iliyowekwa kwa sheria nchini humo kwa mara ya kwanza mwaka 1766, na unaweza kuomba nakala yake. Iombe hata kama umefaulu. Alama ya Uswidi haikatiwi rufaa kama kesi, lakini kosa lililo dhahiri mtahini hulazimika kulirekebisha, na huwezi kulionesha kosa usiloliona. Mimi ningependa siku moja kila mwanafunzi wa Lubumbashi aandike mtihani kwa namba na aione karatasi yake iliyosahihishwa, na ninyi mliokwisha kuliona jambo hilo likifanyika ndio mtakaoweza kulieleza kwa walimu wetu.

Nimebakiza Jumamosi yako. Treni ya kutoka Stockholm kwenda Falun hupita Uppsala. Panda hiyo. Falun ni mji wa shaba, kama ulivyo mji wako, ila wao waliyaishi yetu mapema. Katika karne ya 17 mgodi wake ulitoa sehemu kubwa ya shaba iliyotumika Ulaya. Mwaka 1687 mashimo yaliyochimbwa bila mpango yaliporomoka na kuacha bonde ambalo utasimama ukingoni mwake. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi na wachimbaji walikuwa mapumzikoni. Mgodi ulifungwa mwaka 1992, na tangu 2001 eneo lote limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watakuvika kofia ngumu na kukushusha chini, kwa hiyo vaa sweta hata kama juu ni joto.

Ukiwa huko, ziangalie nyumba. Ile rangi nyekundu iliyofifia ya nyumba za mbao, uliyoiona kando ya kila reli tangu ulipofika, inatokana na mabaki ya mgodi huo, udongo wenye oksidi ya chuma ambao wengine wangeuacha urundikane. Wewe umekulia mahali ambapo terili ya kampuni ya madini ya Gécamines inaonekana kutoka karibu kila mtaa, kilima cheusi cha mabaki ya tanuru lililoanza kutoa shaba mwaka 1911, na katika miaka ya karibuni mabaki hayo yamekuwa yakichakatwa tena kwa ajili ya kobalti. Mwulize mwalimu wako wa Uppsala, kabla hujaaga, ni mambo gani yaliyopimwa katika maji na udongo wa Falun baada ya kufungwa kwa mgodi, na ni data zipi anaweza kukupa uondoke nazo. Swali hilo ni zito kiasi cha kuwa tasnifu yako ya mwaka ujao. Zawadi za Stockholm zitatoshea katika mkoba mdogo kwa saa moja ya Jumatatu.

Unapokwenda kwa mwalimu huyo kwa swali hilo, muda huohuo mwombe barua ya mapendekezo. Anakukumbuka sasa kwa sura na kwa kazi; baada ya mwaka mmoja atakukumbuka kwa jina tu, na barua yake itakuwa ya jumla. Mwite kwa jina lake kama wanavyofanya wote kule, hata kama ulimi wako unakataa. Heshima yako ataiona katika kufika kwa wakati na katika swali lililoandaliwa.

Mama Mhariri,

Mimi ni mama wa commune ya Kenya, hapa Lubumbashi. Binti yangu atarudi kutoka Uswidi katikati ya Juni. Jumuiya yetu na majirani wameshaanza kuniuliza kama amefaulu, na shemeji zangu wanataka tufanye misa ya shukrani na karamu wiki ileile atakayofika. Yeye kila nikimuuliza matokeo hunijibu kwamba hayajatoka, kisha ananyamaza. Nahofia anaficha jambo. Tena siku hizi simu anaipokea kwa shida.

Mama mwenye wasiwasi, Kenya

Jibu

Mama mpendwa, yamkini sana binti yako anasema kweli. Vyuo vya Uswidi kwa kawaida hutoa matokeo ndani ya siku 15 za kazi baada ya mtihani, ambazo ni wiki tatu za kalenda, na mtihani wa mwisho huwa mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo atashuka uwanja wetu wa ndege wa Luano kabla hajajua. Baada ya hapo hati ya matokeo itatumwa kwenye chuo chake cha hapa, juri itakaa, na hapo ndipo neno “amefaulu” litakapokuwa na mwenye kulisema. Mtoto anayenyamaza anapoulizwa jambo ambalo hana namna ya kulijua hafichi kitu. Amechoka kurudia jibu lilelile.

Ushauri wangu ni kuzitenganisha sherehe mbili. Misa ya shukrani kwa ajili ya safari na uzima wake ifanyeni wiki atakayofika, mpike bukari na sombe, mle na ndugu. Karamu ya kufaulu ingojeeni juri. Waambie shemeji zako mapema, tena uwaambie wewe, usimwachie yeye kazi ya kuwakatalia wakubwa. Ikiwa kuna somo moja litakalohitaji mtihani wa marudio, ambao Uswidi mara nyingi hupangwa mwezi wa Agosti, binti yako atahitaji nyumba tulivu na kichwa kilichotulia ili apange na walimu wake jinsi ya kuufanya, na hatakuwa na utulivu huo ikiwa watu wameshakula ng'ombe wa kufaulu kwake.

Kuhusu simu, huko majira haya saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo hakuna kupishana kwa usiku na mchana. Ila usishangae akikuambia saa tatu usiku kwamba jua bado linawaka. Uppsala mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne usiku na huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na wageni wengi hulala vibaya mpaka watundike blanketi dirishani. Katika wiki za mitihani mpangie siku na saa moja ya kuongea, ili siku nyingine asione simu yako ikiita akadhani kuna msiba. Usimuulize alama. Muulize amekula nini na nani anamsaidia kusafisha chumba, kwa sababu nyumba za wanafunzi hukaguliwa siku ya kuondoka, jiko na friji vikiwemo, na asiyesafisha hutumiwa bili.

Na mwambie asigawe makoti yote. Anatoka kwenye kiangazi cha Ulaya na kuingia katika baridi ya usiku wa Juni wa Lubumbashi, nasi tunaijua.

Mama Mhariri, salamu.

Ninasoma Bergen, Norwe, na nitarudi nyumbani mtaa wa Golf mwishoni mwa mwezi. Nimepata D katika mtihani wa maandishi niliodhani ni wa B. Mwenzangu ananishauri nilalamike mara moja. Ninaogopa kumkasirisha profesa, na pia sijui kama muda upo.

Mwanafunzi, Bergen

Jibu

Ndugu yangu, D ni kufaulu: Norwe hupitisha kuanzia A hadi E, na krediti zote za kozi hiyo ni zako. Hivyo suala lako ni la haki ya alama, na kwa hilo sheria ya kule imekupa njia mbili ambazo profesa hawezi kuzichukia, maana wanafunzi huzitumia kila muhula.

Ya kwanza ni kuomba maelezo ya alama, nayo huombwa ndani ya wiki moja tangu ilipotangazwa. Ya pili ni malalamiko, ndani ya wiki tatu. Usiianze ya pili kabla ya kuisoma ya kwanza. Ukiwa umeomba maelezo, wiki tatu huhesabiwa tangu ulipoyapata. Malalamiko hupeleka karatasi yako kwa wasahihishaji wapya wasioambiwa alama ya awali, nao wanaweza kuipandisha, kuiacha au kuishusha, na matokeo ya mwisho ya malalamiko ndiyo yatakayosimama. Kwa mtihani wa mdomo mambo ni tofauti, kwani utendaji wako hauwezi kupimwa upya, hivyo maelezo huombwa palepale unapopewa alama. Wenzenu walio Denmark, ambako mitihani ya mdomo ni mingi na kipimo huanzia -3 hadi 12, huambiwa alama yao dakika chache tu baada ya kutoka chumbani.

Maelezo yakionesha kwamba swali zima lilirukwa, au kwamba jibu lako sahihi lilihesabiwa kuwa kosa, lalamika, hata kama utakuwa umeshafika Golf. Hufanyika kwa mtandao. Yakionesha kwamba hukujibu ulichoulizwa, ichukue D yako uendelee. Ombi la maelezo liandike leo, kabla hujafunga sanduku.